Hiyo ni ya Nyumbani

"Mama Seth, siku nikipiga nduru, wewe utawaambia polisi ni nini?"

Molly aliniuliza hivyo kwenye bomba la maji, asubuhi moja ambayo maji yalikuwa yanakuja kama yamelazimishwa. Nilidhani anatania. Mtu akiuliza swali la namna hiyo huwa anataka kujua kama utapiga simu au utajifungia. Yeye hakuuliza hilo. Alijua nitapiga.

"Nitawaambia kile nimeona," nikamjibu.

"Hiyo haitoshi. Kile umeona lazima kiwe na jina."

Akajitwika ndoo yake akaenda, na mimi nikabaki nikingoja yangu ijae.

Mimi ni mlezi wa watoto kwenye kambi ya majani chai, upande huu wa Boito. Akina mama wakienda kuchuma, mimi hubaki na wale wadogo, nawapa uji, nawapangusa kamasi, nawalaza. Mume wangu alikuwa wa kiwandani mpaka Bwana alipomwita, na mimi nikabaki kwa sababu kazi ya watoto ina nyumba yake. Walipounda Nyumba Kumi, ule ulinzi wa majirani, katika laini yetu ya nyumba za wafanyakazi, walinichagua mimi niwe nikiita polisi. Si kwa akili. Shule yangu iliishia ya msingi. Walisema tu kwamba huyu halewi, na simu yake haizimi.

Kwa hivyo najua vile simu hiyo huenda. Ukipiga, yule anayeshika kituoni hakuulizi kwanza uko wapi. Anauliza, "Ni nini?" Na kwa lile neno moja utakalojibu, mambo mengine yote yanajipanga. Ukisema wizi, watakuja. Labda si leo, lakini watakuja, na watauliza nani aliona. Ukisema ajali, watauliza kama barabara imefungika. Ukisema ni mtu na bibi yake, utasikia pumzi ikitoka ndani ya simu. "Hiyo ni ya nyumbani, mama. Ongeeni na mzee wa kijiji." Inaandikwa kwenye OB, kile kitabu kikubwa cha matukio kinachokaa mezani: ugomvi wa nyumbani, wameshauriwa. Hapo mambo yanahesabiwa yamekwisha hata kama bado yanaendelea.

Watu wa laini wamejifunza. Siku hizi mwanamke akipigwa, jirani anapiga simu anasema mwizi. Ng'ombe wa mtu akiingia kwenye kabeji, mwizi. Mimi hilo neno siliwezi. Niliona mama mmoja akilipiga kelele kwa sababu ya kijana wa duka aliyemdanganya binti yake. Aliona uchungu tu, akaita mwizi, na watu wakatoka kwenye majani na panga za kupogoa. Yule kijana leo anatembea na magongo. Hakuna hata mmoja wa wale watu aliyekuwa akimchukia. Walisikia neno, wakaja.

Sasa Molly ni mjane kama mimi, ila wake ni ujane mpya. Mumewe, Kepher, alikuwa dereva wa trekta ya majani. Alipokufa, kampuni ilimwachia Molly nyumba kwa kuwa yeye mwenyewe ni mchumaji. Lakini tangu mashine za kuchuma zije, kazi ya kundi zima inafanywa na watu wachache, na nyumba zinatafutiwa sababu ya kuchukuliwa. Kuna sheria ya kambi ambayo iliwekwa kwa ajili ya walevi, na ilipotangazwa sote tulipiga makofi: nyumba ikiandikwa fujo ya nyumbani mara tatu, mwenye nyumba anahama. Na kwetu anayehama nyumba amehama kazi, maana vyote viwili hupewa pamoja. Kila mwisho wa mwezi kituo cha polisi hupelekea ofisi ya welfea, ile ya maslahi ya wafanyakazi, ripoti ya laini zetu, na kampuni nayo huwawekea mafuta kwenye gari. Wamesaidiana hivyo miaka mingi.

Molly alikuwa ameshaandikwa mara mbili, na zote mbili ni za mtu mmoja. Omollo, ndugu mdogo wa Kepher.

Huyu Omollo alitoka kwao ziwani baada ya matanga, akasema amekuja kuona watu wa ndugu yake. Akala, akalala kwa jirani kama mtu wa heshima, na asubuhi akaondoka. Lakini koti lake aliliacha, kwenye msumari nyuma ya mlango wa Molly.

Kwa wale wasiojua, nitaeleza. Kwetu sisi wa ziwani, mwanamume wa ukoo akimtaka mjane, huleta koti. Likitundikwa ndani ya nyumba na mjane akalinyamazia, ukoo unahesabu ameingia, hata kama mwenyewe hajakanyaga tena hapo. Na wanasema mjane akilitoa kwa mkono wake, mabaya yatamfuata mtoto. Kwangu pia liliwahi kuletwa. Nilimwita mzee wa kanisa, akalikunja vizuri, akapanda nalo gari mpaka kwao, akalirudisha kwa mikono miwili. Yakaisha. Molly nilimwambia afanye vivyo hivyo.

"Mimi siamini hayo mambo ya koti," akaniambia. "Kwa hivyo mbona nihangaishe mzee wa kanisa? Likae. Atakuja kulichukua mwenyewe."

"Na wewe mwenyewe mbona huligusi?"

Akacheka kidogo. "Mama mkwe amenipigia simu amelia. Nina mtoto, Mama Seth."

Basi akalifunika na leso ili asiwe akiliona, na maisha yakaendelea. Ndiyo ilikuwa shida yake. Alikuwa haamini vya kutosha kuogopa, na alikuwa anaogopa vya kutosha asiliguse.

Mara ya kwanza Omollo alivunja dirisha kwa sababu hakufunguliwa. Mara ya pili alimvuta Molly kwa nguo mbele ya watu, pale majani hupimwa. Mara zote nilipiga simu, na mara zote niliulizwa huyo mwanamume ni nani wake.

Ya tatu ilikuwa Jumapili. Siku hiyo laini hubaki kimya, watu wote wameenda kanisani. Sisi tunaosali Jumamosi ni wachache, na mimi nilikuwa nje nikifua. Nilimwona Omollo akipita, akanisalimu, "Mama, hamjambo," na mimi nikaitikia. Kisha nikasikia mlango. Si kugonga. Ilikuwa sauti ya mbao zikiachana na komeo. Ndipo Molly akapiga nduru.

Mikono ilikuwa na sabuni. Niliipangusa kwa gauni, nikapiga.

"Kituo. Ni nini?"

Nilijua sauti. Sajini Kipkurui, ambaye si mtu mbaya, na ambaye mtoto wa dada yake nimemlea.

"Ni Mama Seth wa nyumba za chini. Mwanamume amevunja mlango wa Molly. Yuko ndani anampiga."

"Mwanamume gani?"

"Anaitwa Omollo."

"Ni nani wake?"

"Si mume wake."

"Sijauliza kile hayuko, kogo." Kogo kwao ni nyanya, ananiita hivyo kwa heshima. "Nimeuliza ni nani wake."

"Ni shemeji. Ndugu ya marehemu."

Nikaisikia ile pumzi.

"Hiyo ni ya nyumbani."

"Amevunja mlango, Sajini."

"Nimesikia. Gari ikirudi tutakuja."

Nikaweka simu kifuani nikaenda. Sikuwa na kitu mkononi. Nilisimama pale mlango ulipokuwa, nikamwita Omollo kwa jina lake na la baba yake, kwa sauti ya mtu anayeita mtoto kutoka kwenye matope. Akageuka. Molly alikuwa chini kando ya jiko, mkono umekatwa na bati la mlango, damu inaingia kwenye unga.

"Mama," Omollo akasema, anahema, "usiingilie. Hii ni nyumba yangu. Koti yangu iko hapa."

"Nimekuona," nikamwambia. "Niko hapa na nimekuona."

Sijui kama ni Mungu aliyeniweka pale au ni uzee wangu tu. Lakini aliketi. Aliketi kwenye kiti cha Kepher, akaangalia mikono yake, halafu akamwambia Molly amtengenezee chai. Alikaa kidogo kama mgeni aliyesahauliwa, kisha akatoka, na alipokutana na wa kwanza kurudi kanisani akawasalimu, nao wakamsalimu.

Sajini alikuja mchana kwa bodaboda. Akapangusa viatu nje kabla ya kuingia. Aliangalia komeo lililong'oka, akaangalia mkono wa Molly niliokuwa nimeufunga kitambaa, akatikisa kichwa kama mtu anayehurumia kweli. Halafu akausogeza mlango ulioegemezwa ukutani, akaona leso, akaiinua.

"Koti ya nani?"

Molly angeweza kusema ni la marehemu. Mimi mwenyewe nilimwona akiliwaza.

"Yake," akasema.

"Ilifikaje?"

Alijaribu kumweleza. Mambo ya ukoo, ya matanga, ya mama mkwe. Sajini alisikiliza mpaka mwisho, amesimama na leso mkononi.

"Mama, mimi hayo ya koti yenu siyajui," akasema. "Huku kwetu tuna yetu, nayo yananitosha. Mimi najua tu, mtu ambaye koti yake iko ndani ya nyumba, huyo ni mtu wa hapo. Mtu wa hapo anavunjaje kwake?"

"Si kwake," nikasema.

"Kogo, wewe ndiye uliniambia shemeji."

Tulimpeleka Molly hospitali ya Kapkatet akashonwa. Muuguzi naye akauliza, ni nani amefanya hivi, ni mtu wa nyumbani? Molly alifumba macho akasema, "Andika mlango."

Siku iliyofuata tulienda kituoni, mimi na yeye, kumwomba Sajini abadilishe kabla ripoti haijaenda welfea. Tulikaa kwenye benchi na mtu aliyeibiwa kuku. Yule wa kuku alisikilizwa kwanza. Aliulizwa rangi ya jogoo, wakati, ni nani anashuku, na akatoka na nambari yake ya OB ameridhika.

"Unaona," Molly akaninong'oneza, "afadhali ningekuwa kuku."

Sajini alitukaribisha vizuri. Alikuwa na macho mekundu ya zamu. Alituambia kile ambacho nadhani alikuwa amewaambia wengi.

"Nikiandika kuvunja nyumba, lazima nifungue faili. Faili inaenda Bomet. Wapelelezi wanakuja, wanakuta shemeji, koti, mama mkwe anapiga simu anasema ni mtoto wake na bibi yake. Faili inarudi kwangu na swali: Kipkurui, ulikuwa umelewa? Ile ya nyumbani haina faili. Inajifunga yenyewe."

"Na nyumba yangu?" Molly akauliza.

Sajini akaangalia mlango wa ofisi ya mkubwa wake.

"Bado sijafunga hiyo mstari kwenye OB. Kuna namna moja. Mtu asiyejulikana. Mwizi amevunja, amejeruhi, amekimbia. Hiyo inaingia bila shida, wapelelezi hawaulizi sana, kwa sababu ni nyingi. Lakini lazima nyinyi wawili mseme hamumjui. Wewe mwenyewe, na huyu kogo aliyepiga simu. Alhamisi nitakuja welfea na kitabu. Mtasema huko."

Alidhani anatusaidia. Na alikuwa anatusaidia, hilo nalikubali mpaka leo.

Tulirudi kwa miguu, majani pande zote mbili yamekatwa sawa kama nywele za mwanafunzi. Molly alikuwa ameshika mkono wake kama anabeba kitu cha mwenzake.

"Utasema?" akaniuliza.

"Unataka niseme?"

Akausogeza ule mkono juu zaidi kifuani.

"Wakiandika mwizi, itatangazwa kwenye laini. Na Omollo atarudi, huyo namjua. Siku atarudi, watamkuta kwenye ua na zile panga." Akasimama. "Ni baba mdogo wa mtoto wangu. Simtaki. Lakini sijasema afe."

"Sijasema hivyo pia."

"Mama Seth, mimi nimechoka kuulizwa ni nani wangu. Hakuna aliyeniuliza amefanya nini."

Usiku wake niliomba kwa muda mrefu na sikupewa kitu. Amri inanikataza kumshuhudia jirani yangu uongo. Nilikuwa nimeijua tangu utoto, na sikuwahi kufikiri itakuja siku ambayo uongo ungekuwa wa kumwachia jirani nyumba. Nilimwambia Mungu kwamba ninaona vizuri, hilo amenipa, lakini kuona peke yake kumenichosha.

Alhamisi tukaenda. Ofisa wa welfea anaitwa Nelvine, msichana mpole, amesoma, mezani ana kompyuta na maua ya plastiki. Alituamkia wote, akamvutia Molly kiti kwa sababu ya mkono. Sajini alikuwa ameshafika, kofia kwenye goti.

"Dada Molly," Nelvine akasema, "mimi sipendi hii kazi ya leo. Tayari uko na mbili. Hii ya tatu ikiingia ya nyumbani, sheria unaijua. Ikiingia ya mwizi, kampuni inaweka mlango mpya na askari wa zamu atakuwa akipita. Wacha nianze na shahidi. Mama, wewe ndiye ulipiga simu. Huyo mtu ulimjua?"

Sajini aliangalia kofia yake. Molly aliangalia maua.

"Nilimjua," nikasema. "Ni Omollo, shemeji yake. Alinisalimu, nikaitikia. Halafu akavunja mlango ambao si wake, akampiga mwanamke ambaye si mke wake. Yote nimeyaona."

Nje trekta ilikuwa ikiteremsha majani.

"Kogo," Sajini akasema polepole, "mstari ni mmoja."

"Basi andika ya mlango."

"Nikiandika ya mlango nitaulizwa nani. Ukishasema nani, si ya mlango tena."

Nelvine alikuna paji la uso. Nilimwona anatafuta njia, na nikamhurumia, maana ana umri wa binti yangu.

"Mlalamishi ni Molly," akasema. "Neno la shahidi tunaweza kuliacha, mama ni mtu mzima, alikuwa mbali, jua lilikuwa kali. Dada, ukisema wewe hukumjua, Sajini ataandika asiyejulikana, na mimi nitafunga hapa." Akamsogelea kidogo. "Au kama hutaki hiyo, kuna nyingine. Ukubali ni mume. Tunawaweka kama familia kwenye nyumba, wote wawili, mnapewa onyo la mwisho, na nyumba unabaki nayo. Kuna wengi wamefanya hivyo na wanaishi."

"Mume," Molly akasema.

"Kwa kuandika tu."

"Na akija na hiyo karatasi, nitamfungia mlango nikisema nini?"

Nelvine aliigeuza kompyuta kidogo ili Molly aone, kama muuza duka anayeonyesha kwamba rangi nyingine imeisha.

"Hakuna ingine?" Molly akauliza.

"Ingine gani?"

"Ile ilifanyika."

Nelvine aliangalia kwenye kioo cha kompyuta, akashuka nayo mpaka chini, akapanda nayo tena. Alitafuta kwa kweli.

"Hapa haiko, dada. Chagua moja, tafadhali. Watu wengine wanangoja nje."

Sajini alifungua kitabu kwenye goti, juu ya kofia, akatoa kalamu. Nilitaka kumshika Molly mkono lakini ulio karibu nami ndio ulioshonwa. Akaanza kufunga kitambaa chake cha kichwa upya. Kwa mkono mmoja ilichukua muda. Kilimteleza, akakirudisha, akashika ncha moja kwa meno, na sisi watatu tukakaa tukimngoja, maana tulidhani ni jibu linatafutwa. Alipomaliza akasimama, akakirudisha kiti mahali Nelvine alipokitoa, akatoka bila kuchagua hata moja.